Herufi Mbili za Nchi

Fundi Gundi alikuwa anatunza miguu ya watu kwenye rafu. Miguu yenyewe waliondoka nayo. Alichobaki nacho yeye ni michoro: karatasi za kaki zilizoviringishwa, kila moja imefungwa kwa uzi wa nta, na juu yake jina la mteja, mwaka, na maelezo mafupi ambayo aliyaita ya kitaalamu. "Kushoto mkorofi." "Dole gumba linajiona." "Huyu hukanyaga kama amegombana na ardhi." Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea viatu watu ambao miguu yao haielewani, mmoja mrefu mwingine mfupi, mmoja umelalia ubavu, mwingine ulivunjika ukaungwa na daktari aliyekuwa anawahi chakula cha mchana. Maduka mengine yaliuza viatu kwa jozi. Yeye aliuza kimoja, halafu kingine.

Mlango wa pili nilikuwa mimi na mashine yangu ya kutoa kopi, mashine yenye kipaji cha kumeza vyeti vya watu asubuhi ya usaili. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, wa kutunza heshima tu. Fundi akipiga chafya nilimwambia pole bila kupaza sauti. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikuyachungulia. Yalinifuata yenyewe nikiwa nimekaa.

Jina la Gundi alipewa na mtaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni harufu, ambayo ilimtangulia hatua kumi na kubaki nyuma yake nusu saa. Ya pili ni kwamba akishashika neno, habanduki. Ungeweza kumweka juani, ungeweza kumwagia petroli, neno likabaki pale pale.

Na neno aliloshika kwa miaka yote niliyomfahamu lilikuwa moja: binti yake atachukua benchi. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, ambaye alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi, na ndiye aliyemfanya fundi awe fundi. Kabla yake alikuwa anashona mabegi ya shule. Mtoto alipofika umri wa kusimama, hospitali wakasema kiatu maalumu kinaagizwa kutoka nje, wasubiri. Fundi akauliza kama mguu nao umeambiwa usubiri. Akarudi nyumbani, akatandika karatasi sakafuni, akamsimamisha mtoto, akapiga magoti na penseli. Kiatu cha kwanza kilitoka kama kisanduku cha kuhifadhia misumari. Cha pili mtoto alikivaa akavuka chumba.

Tangu hapo kila siku ya kuzaliwa binti alichorwa. Watoto wengine walipimwa urefu mlangoni, huyu alipimwa chini. Mguu uliacha kukua akiwa na miaka kumi na sita, jambo ambalo fundi alilijua kuliko daktari yeyote, lakini hakuacha kuchora. Alisema anahakikisha. Michoro ya binti ilikaa rafu ya juu kabisa, peke yake, na haikuwa na maelezo ya kitaalamu. Mwaka wa umri wake tu.

Binti alisoma, akarudi, akaingia kazini na baba yake. Alipokea wateja, alipiga picha viatu vilivyokamilika, alijibu simu kwa sauti iliyowafanya watu waone aibu kuulizia punguzo. Fundi alimwita Mama, kwa kuwa alibeba jina la mama mzazi wa fundi, na ilikuwa raha kumsikia mzee wa kilo tisini akisema, "Mama, nipe nyundo," naye Mama, mwembamba kama utambi, akimjibu bila kugeuka, "Iko mkononi mwako, Baba."

Wazo la tovuti lilikuwa la binti. Aliona wateja wanatoka mbali, wanabadilisha magari matatu na miguu ile ile mibovu, waje kuchorwa kwa dakika tano. Akasema waelekezwe wachorwe huko huko walipo, watume picha, sisi tuiprinti kwa kipimo halisi. Pembeni ya karatasi mteja apige mstari wa sentimita kumi kwa rula, ili mashine yangu ijue ukubwa wa ukweli. Maelekezo aliyaandika mwenyewe siku moja tu, baba yake akimwamrisha nyuma ya bega: simama, usikae. Uzito pande zote. Penseli iwe wima kama nguzo. Na la mwisho, ambalo fundi alitaka liwekwe kwa herufi nene: usijichore mwenyewe, mwambie mtu akuinamie.

Hilo lilikuwa kama imani yake. Mtu akijiinamia, alisema, uzito wote unakuja mbele, vidole vinatanuka, penseli inalala, na mguu unasema uongo. Hakuna mtu anayeweza kujichora mguu wake. Lazima awepo mwingine wa kupiga magoti. Mteja akituma mchoro wa kujichora, unarudishwa, hata awe nani.

Mpaka hapo baba na mtoto walikuwa kitu kimoja. Ugomvi ulianzia kwenye jina.

Binti alitaka tovuti iishie na doti komu. Fundi alitaka iishie na zile herufi mbili za nchi. Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo la kumalizwa kabla chai haijapoa, lakini mtaa wetu una tabia ya kuwa na msimamo mkali juu ya vitu usivyokuwa navyo. Hakuna aliyekuwa na tovuti, na ndani ya siku mbili hakuna aliyekosa maoni. Muuza vipuri vya baiskeli wa ng'ambo ya barabara, tuliyemwita Tairi, alisema shemeji yake alifungua doti komu mwaka wa tatu sasa na wageni pekee waliowahi kuitembelea ni watu wanaouza dawa ya upara. Mshonaji wa mapazia akasema doti komu ina heshima, inanukia ndege. Waligombana mpaka mteja wa mapazia akaondoka.

Hoja ya fundi ilikuwa hii: mtu akiona herufi mbili za nchi, anajua kiatu kikimbana pa kuja kunipiga. "Ukiweka hiyo nyingine, anajua niko wapi? Niko hewani?"

Binti akamwambia wako watu wenye mguu mfupi nje ya nchi pia, na wakiona herufi za hapa watadhani ni duka la watu wa hapa.

"Sasa si waje."

"Waje na mguu gani, Baba?"

Hapo hata ukuta wa mbao ulicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa na hoja nyingine, nzito zaidi, ambayo aliniletea mimi mlangoni kama mtu anayeleta ushahidi mahakamani. Alikuwa amegundua kwamba doti komu inapatikana kwa muda wa kuchemsha yai: andika jina, weka kadi, yako. Ya nchi ilitaka leseni ya biashara, kitambulisho, fomu, nakala, muhuri. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sababu ya kuikimbia. Kwake ilikuwa sababu ya kuioa. Kitu kinachopatikana kirahisi hivyo, alisema, kila tapeli anacho.

Nilimwona binti wiki zile akiwa mkali kuliko ilivyompasa. Alikuja kwangu akaniomba nimsaidie kumwelewesha baba yake, na nilipomtania kwamba amepandisha mabega, sasa nchi haimtoshi, hakunijibu utani. Alisema tu kwamba doti komu mtu anaweza kuishika akiwa popote. Alirudia neno popote. Mimi, ambaye hujisifu kwa kusikia mbu akikonyeza, sikusikia kitu.

Fundi akaamua kumaliza ubishi kwa zawadi. Siku ya kuzaliwa ya binti ilikuwa inakaribia, ya ishirini na saba, na yeye akapanga kwamba siku hiyo, baada ya kuchorwa, atamkabidhi jina la nchi likiwa limeshakamilika. Hakumwambia mtu isipokuwa mimi, kwa sababu alihitaji kopi.

Tulikwenda pamoja kwenye ofisi inayosajili majina ya nchi. Ilikuwa ofisi ya kawaida ya kuhudumia umma, yaani viti vya kusubiria vilikuwa vitatu na viwili vilikuwa vinasubiri fundi seremala. Karani, mama mmoja wa makamo, alikuwa anagonga muhuri uliokauka kwa hasira, kama anayeua mende. Alituambia fomu nakala tatu. Tukamwambia tunazo. Akasema ziwe na barua. Tukatoa barua. Alikuwa anatafuta la tatu la kuturudishia nyumbani, fundi akainama akatazama chini ya meza. Mama yule alikuwa amevua kiatu cha kushoto.

Fundi akamuuliza kama maumivu yanaanzia kisiginoni au katikati ya unyayo. Karani akasema katikati, hasa asubuhi. Baada ya hapo mambo yetu yakaenda kama gari lililopata mteremko. Alituketisha kwenye kiti kizima, kwa zamu, akatupitisha kwenye fomu mstari kwa mstari.

Mstari wa tisa ulisema: mtu wa kuwasiliana naye, awe mkazi wa nchini. Fundi akaniuliza maana yake. Nikamweleza kuwa huyo ndiye mwenye funguo. Taarifa zote zinamwendea yeye, na jina haliwezi kuhamishwa, kufutwa wala kuhuishwa bila yeye kusema ndiyo. Mwenye biashara ni mwenye biashara, lakini huyu ndiye anayeshika.

"Basi andika binti yangu," akasema.

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, na siku ile niliupamba. Nilimwandika mtoto wa watu mkazi wa nchini kwa herufi za duara, na baba yake akasimama nyuma yangu akisoma jina la mama yake mzazi na la mwanawe kwa pamoja, akitabasamu kama aliyepigiwa makofi. Karani akasema kilichobaki ni sahihi ya mhusika tu. Fundi akamwambia hiyo ni ya siku ya kuzaliwa.

Siku hiyo ilifika. Mke wa fundi alikuja, amevaa vizuri, maana hii ilikuwa sherehe yao na hawakuwa na nyingine. Mimi niliitwa kama shahidi wa fomu, nikasimama mlangoni na kalamu. Fundi alitandika karatasi ya kaki sakafuni, akaishikiza pembe nne kwa nyundo, kopo la misumari na kalibu mbili za mbao za kuumbia viatu. Binti akavua viatu akapanda. Mzee akashuka magotini kwa awamu, kama mtu anayeshusha kabati ngazini, akalalamikia magoti yake, mkewe akamwambia si ayachore na yenyewe.

Alianza na mguu wa kulia. Siku zote alianza na wa kulia, wa kushoto ukawa wa mwisho, kwa sababu ndio aliokuwa anaufurahia. Alipomaliza wa kulia, akiwa bado chini, akanipa ishara. Nikatoa fomu nikampa binti.

Alisoma akiwa amesimama juu ya karatasi. Alisoma juu, akashuka, nikaona macho yamefika mstari wa tisa yakakaa. Nikamnyooshea kalamu. Hakuishika.

Fundi kule chini akasema, "Weka sahihi, Mama. Nimekushinda, lakini nimekupa."

"Baba," binti akasema, "hapa wanataka mkazi."

"Si wewe huyo."

"Mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Fundi alibaki na penseli yake wima kama nguzo, kama maelekezo yanavyotaka. Binti akasema yote kwa mfululizo, kama mtu anayetapika kitu alichokaa nacho tumboni miezi. Kuna karakana moja nje inatengeneza viungo bandia na viatu vya kitabibu. Aliwatumia picha za kazi yao, yake na ya Baba. Wamemchukua. Si kwa mwaka mmoja. Alikuwa anatafuta siku ya kusema, na kila siku aliyoipata ilikuwa na kiatu cha mtu mezani.

"Kwa hiyo ile doti komu," fundi akasema, polepole, "ulikuwa unataka jina la huko."

"Nilikuwa nataka jina ambalo ningelishika nikiwa huko. Hili la hapa hawaniruhusu kulishika." Akaishusha fomu. "Nilitaka nibaki kazini kwako, Baba. Ndiyo njia pekee niliyoiona."

Nilimtazama mke wa fundi, kwa sababu sikuwa na pa kutazama. Alikuwa ameinama anaokota uzi ambao haukuwepo sakafuni. Aliuokota kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua, na fundi naye, alipoinua kichwa na kumwona mkewe ameinama vile, akajua kwamba alikuwa anajua.

Akashusha kichwa. Akasogeza magoti mpaka mguu wa kushoto. "Simama sawasawa," akasema. "Unaegemea." Akauchora. Nimeona mkono wa yule mzee ukikata ngozi ngumu kwa kisu bila kupima. Siku ile ulipita kwenye dole gumba, ukaruka vidole viwili, ukarudi, ukapoteza kisigino kabisa. Akaviringisha karatasi bila kuitazama, akaifunga uzi, akaandika mwaka. Ishirini na saba.

Siku tano hakuzungumza. Niliweza kujua saa kwa nyundo yake. Tairi, ambaye alikuwa hajaambiwa kitu, alivuka barabara kuuliza nani ameshinda, ya nchi au ya dunia, na alirudi upande wake bila jibu na bila kupewa kiti. Siku ya sita fundi alikuja mlangoni kwangu akaniambia nichemshe yai. Sikumwelewa. Akasema, "Hiyo ya kuchemsha yai. Ifungue. Mwenye funguo andika yeye."

Nikafungua. Ilichukua dakika nne, pamoja na mimi kufuta miwani. Zile fomu tatu za nchi alikwenda nazo kwake, akageuza upande mweupe, akazitumia kuchorea soli za mteja. Karani alikuja baada ya wiki kufuata viatu vyake, alivyopimwa na fundi siku ile ya fomu, akatembea navyo dukani huku na huku kama mwari, kisha akauliza mbona ile sahihi haijarudi. Fundi akamwambia mkazi hajapatikana.

Siku ya safari hakwenda kumsindikiza. Alisema kuna mteja anakuja saa ile, amekwisha ahidi. Mkewe alikwenda. Mimi nilibaki na kopi zangu, nikasubiri huyo mteja aje. Hakuja mtu. Nilisikia fundi akigonga kisigino kimoja, hicho hicho, kwa saa mbili nzima, na kisigino cha kiatu hugongwa dakika kumi. Alikuwa amempa binti jozi mbili mpya jana yake. Alimwambia tu asizivae siku moja zote, sentensi ambayo haina maana yoyote, na binti akaitikia kama yenye maana.

Tovuti ikafanya kazi. Hili ni lazima niliseme kwa haki, mtaa usije ukapotosha. Watu waliandika kutoka miji ambayo Tairi alidai imetungwa. Kila oda ilimfikia kwanza binti huko aliko, akaikagua, akaisogeza kwenye simu ya baba yake na maneno machache. "Mteja mpya, Baba. Kushoto mfupi kwa sentimita mbili." Naye anajibu, "Nimeona, Mama. Kisigino kipana huyo." Mimi naprinti, naye anaviringisha na kuandika kitaalamu. Rafu zikajaa miguu ya watu ambao hatutawaona wakitembea. Baba na mwana walizungumza kila siku ya Mungu, na sikuwahi kusikia wakizungumza juu ya kitu kingine isipokuwa miguu.

Habari za maisha alipewa mama mtu, kwa simu, naye alituletea dukani. Binti anaendelea vizuri. Anakaa nyumba moja na wenzake, nyumba imechangamka, imejaa watu mpaka bafuni wanapanga foleni. Kazini wanampenda. Mama mtu alirudia habari hizo kwa kila aliyepita, na fundi alisikiliza huku akitafuna uzi, akisema, "Vizuri, vizuri," kwa sauti ya mtu anayepimiwa kitambaa.

Siku ya kuzaliwa ya ishirini na nane iliangukia katikati ya wiki. Asubuhi fundi alifika amevaa shati la kutokea. Alipanga benchi, akapanga tena. Karatasi ya kaki ilikuwa imesimama pembeni na hakuna aliyeigusa. Saa nne hivi oda ikaingia, moja kwa moja kwake, kupitia tovuti, kwenye fomu ile ile ya wateja wote. Jina: la binti. Mguu wa kushoto: mfupi. Maelezo ya ziada: yameachwa wazi. Michoro miwili imeambatishwa, na pembeni mstari wa sentimita kumi umepigwa kwa rula, safi.

Alikuja nayo mlangoni kwangu anakimbia, mzee wa kilo tisini. Nikaiprinti. Mashine kwa mara ya kwanza haikumeza kitu. Alichukua karatasi zikiwa bado za moto, akazilaza juu ya kaunta yangu, akaweka mikono pembeni.

Nilidhani anafurahi tu, nikampongeza. Hakunisikia. Alikuwa anafuata mstari kwa kidole, kuanzia kisigino, polepole, akazunguka dole gumba, akasimama. Akarudia. Nami nikatazama, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaprinti mamia ya miguu ya watu, niliona. Vidole vimetanuka. Upande wa ndani penseli imelala. Nyuma, mkono ulipokuwa haufiki, mstari umekatika na kuungwa mara mbili.

"Huyu kajichora," fundi akasema.

Akavuta karatasi ya pili, akaipitishia kidole vilevile.

"Nyumba imejaa watu."

Nikasema labda walikuwa kazini. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kwa kuniambia nisijisumbue. Maelekezo aliyaandika yeye mwenyewe binti, kwa herufi nene, na ujumbe wa kurudisha mchoro mbovu aliutunga yeye vilevile, uko tayari, unabonyeza tu: asante kwa oda yako, tafadhali mwombe mtu wa karibu akuchore upya. Simu ilikuwa mkononi mwa fundi na ujumbe ule ulikuwa mbele ya kidole chake. Mteja mwingine yeyote angekuwa ameshaupata.

"Niandikie wewe," akasema, akanipa simu. "Mimi mkono hautaki."

"Niandike nini?"

Akazipanga zile karatasi mbili sawasawa. Mtu aliingia akitaka kopi ya kitambulisho, akatutazama, akatoka.

"Andika mchoro umefika. Andika umechorwa vizuri."

Nikaandika hivyo, nikatuma. Jibu lilirudi kabla sijamrudishia simu, kwa hiyo nililiona mimi kwanza. Lilisema, "Asante, Baba." Ameweka nukta mwishoni, kama alivyofundishwa.

Nilimfuata kwake, kwa sababu kukaa kwangu kulikuwa kumeshindikana. Alipanda kistuli, akashusha mchoro wa ishirini na saba, akaufungua, akaona kile kisigino alichokipoteza mwenyewe. Akauweka kando. Akashusha wa ishirini na sita. Huo ulikuwa sawa, mstari mmoja bila kunyanyua mkono, wa siku ambayo alikuwa hajui kitu. Akautandika juu ya ngozi, akaanza kukatia kiatu hapo.

Zile karatasi nilizoprinti aliziviringisha kama nyingine za rafu ya juu. Aliandika mwaka. Halafu kalamu ikabaki hewani kidogo, na chini ya mwaka, mahali ambapo kwa binti yake hakuwahi kuandika chochote, akaongeza kama anavyowaandikia wateja: "Amejichora."

Wino ulikuwa haujakauka mkewe alipoingia, naye amevaa vizuri. Aliuliza kama oda ya mtoto imefika. Fundi akasema imefika.

"Nani kamchora?"

"Mwenzake mmoja. Ana mkono mzuri."

Mama mtu akashusha pumzi, akakaa, akasema afadhali. Akasema siku nyingine huwa anaamka anahisi mtoto yuko peke yake kule na anawaficha tu. Fundi akamwambia aache mawazo. Kisha akapanda tena kistuli na ule mviringo wa karatasi, akausukuma mpaka nyuma kabisa ya rafu ya juu, ambako mkono wa mkewe haufiki.